Mali siyo chuma, mali ni kibati

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha familia, kikao cha kawaida tu, ajenda ilikuwa michango ya kujengea makaburi ya wazee kijijini maana mvua zimeyachimba vibaya, na mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka baba mdogo alipokohoa ile kohoa yake ya "nina jambo". Akasema kuna mtu kampigia. Mtu mwenyewe kaunganishwa na mtu, ambaye naye kaunganishwa na mtu, mnajua mambo yanavyoenda, ila kwa kifupi anakusanya vitu vya Vita ya Pili ya Dunia na anataka kununua nyota ya babu, ile medali yake ya vita. Bei aliyotaja siandiki hapa kwa sababu shangazi anasoma hii blogu (shikamoo shangazi), lakini ilitosha kuwafanya binamu zangu wawili waliokuwa wanachati wainue vichwa.

Babu alikuwa Keya. Kwa wadogo zangu: Keya ni KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu enzi zile, wazee waliona hizo herufi ni usumbufu wakaita Keya, yakaisha. Alipelekwa Bama, ndo hiyo Myanmar ya sahivi, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua ambazo babu alikuwa anasema huku kwetu hatujawahi kuona mvua, tunaona manyunyu. Walianza mwezi wa nane, Desemba ndo wanaingia Kalewa kwenye mto Chindwin, na katikati hapo ni matope, malaria na Mjapani.

Babu hakuwa mtu wa kusimulia kuuana. Alikuwa anasimulia matope na ndege. Magari yalikuwa yanazama mpaka bodi, kwa hiyo chakula kilikuwa kinatoka juu, Dakota zinapita chini chini juu ya miti zinamwaga magunia, mengine yana parachuti mengine yanaachiwa hivyohivyo, na alikuwa anasema kuna mwenzao alikwepa risasi za Mjapani wiki nzima akaja kufa kwa gunia la mchele. Alikuwa anacheka akisema hivyo, halafu ghafla anaacha kucheka. Na ndege nyingine zilikuwa hazirudi. Inaingia kwenye wingu, mnaisikia mlio, halafu hamuisikii tena. Kwa hiyo mimi tangu mtoto, Bama kichwani mwangu ni pori kubwa lenye ndege zimelala humo ndani na nyasi zimeota juu.

Ndo maana ile 2012 zilipotoka habari za Spitfire za Bama, zile ndege za kivita za Mwingereza, mi nilipoteza usingizi kabisa. Kwa asiyezijua, kuna mkulima wa Uingereza anaitwa David Cundall, mpenzi wa ndege za zamani, ambaye kwa miaka zaidi ya kumi na tano alikuwa anakusanya maneno ya wazee walioshuhudia, akiamini kwamba vita ilipokuwa inaisha 1945 Waingereza walifukia Spitfire mpya kabisa ardhini, zimepakwa grisi, zimefungwa karatasi ya nta, ziko ndani ya makreti ya mbao. Sehemu kubwa ilisemekana iko pale Mingaladon, uwanja wa ndege wa Rangoon, 36 peke yake hapo, na nyingine Myitkyina kule kaskazini. Waziri mkuu wa Uingereza, David Cameron, alipotembelea Myanmar Aprili ile suala likaingia mpaka kwenye mazungumzo yake na rais wa kule. Kampuni ya gemu, hao Wargaming waliotengeneza World of Tanks, ikatoa hela ya kuchimba. Oktoba mkataba ukasainiwa, na mkataba wenyewe ndo ulionifurahisha: serikali ya Myanmar inachukua nusu, Cundall asilimia 30, na mshirika wao wa pale pale Myanmar 20. Walishagawana mapaja, mnyama yuko porini bado.

Januari 2013 wakaanza. Myitkyina wakakuta kreti kweli, wakaingiza kamera, ndani kuna maji ya matope. Mingaladon wakachimba, hamna. Februari Wargaming wakatoka hadharani kusema hakuna Spitfire iliyowahi kufukiwa pale, kwamba kumbukumbu za wakati ule zinaonyesha Spitfire hazikuwahi hata kufika Rangoon zikiwa kwenye makreti. Cundall mwenyewe hakukubali. Mi namuelewa, ukishaishi na kitu kichwani miaka yote hiyo huwezi kukitoa kwa sababu ya shimo moja tupu. Kilichonikera ni kitu kingine kidogo tu, kwamba katika habari zote nilizosoma kipindi kile, na nilisoma nyingi kuliko ilivyo afya, sikukutana hata na moja iliyotaja kwamba kwenye vita ile ya Bama kulikuwa na watu wa Tabora na Songea na Nyeri na Zomba. Ndege ambazo hazikuwepo ziliandikwa kuliko watu waliokuwepo.

Haya. Swali ambalo nadhani kila mtu mwenye akili anajiuliza hapa: kwanini mtu mzima atumie miaka hiyo yote kutafuta bati lililofukiwa?

Mnaoijua Gerezani, ile ya Dar ya mafundi na spea za magari, mtanielewa haraka. Gari limegongwa, limekunjika, limebaki chesisi na kadi. Anakuja mtu ananunua hicho kilichobaki, hanunui gari, ananunua namba ya chesisi na kadi. Halafu anatafuta bodi sehemu nyingine, injini sehemu nyingine, siti anapata kwa jamaa yake, na baada ya miezi mitatu barabarani linaingia gari zima ambalo kwenye makaratasi ni lile lile marehemu. Kwenye magari polisi wanakukamata. Kwenye Spitfire wanakupigia makofi.

Sitanii. Ndege iliyokaa kwenye matope au mchanga wa bahari miaka arobaini, kuna kidogo sana pale kinachoweza kurudi angani. Alumini inakuwa unga, rivet zimeliwa, chuma kimekuwa kutu tupu. Fundi anachukua kile kipande cha zamani anakitumia kama kipimo, anakata kipya kama hicho, anaunga, na mwisho ndege inaruka ikiwa na chuma kipya kwa sehemu kubwa. Kitu kinachobeba uzee wote ni kibati cha namba na karatasi zake: iliundwa lini, ilikuwa skwadroni gani, nani aliirusha, ilianguka siku gani na wapi. Bila hiyo una mfano mzuri wa Spitfire. Ukiwa nayo una Spitfire. Tofauti ya bei kati ya hivyo viwili ndo biashara yenyewe, na ndo ugomvi wenyewe.

Chukua ile Spitfire namba P9374. Mei 1940, wakati Waingereza wanakimbia Dunkirk, rubani Peter Cazenove ilimlazimu kutua kwenye ufukwe wa Calais, akaiacha pale mchangani, mwenyewe akaja kukamatwa na Wajerumani akamaliza vita kwenye kambi ya mateka. Bahari ikaimeza ndege miaka 40. Septemba 1980 mchanga ukahama, ikachomoza. Kilichotoka pale ukipewa picha yake bila maelezo utasema ni mzoga wa papa. Ikazunguka mikono ya watu mpaka ikafika kwa matajiri wawili, ikajengwa upya, 2011 ikaruka, na Julai 2015 ikapigwa mnada Christie's London kwa pauni milioni 3.1, hela ikaenda kwa mfuko wa kusaidia wanajeshi wa anga na mashirika ya kuhifadhi wanyamapori. Sina ugomvi na hao matajiri, walitumia hela yao na mwisho wakaitoa. Ila hiyo namba, milioni 3.1, ikishatajwa mnadani haibaki mnadani. Inasafiri. Inafika kwenye kila kijiji, kila kinamasi na kila jangwa lenye bati la ndege, au niseme vizuri: inafika kwa wanaowinda hayo mabati, wenye kijiji wanakuja kuisikia wa mwisho.

Misri kwa mfano. Tarehe 28 Juni 1942 kijana wa miaka 24, Dennis Copping, alipewa kazi ndogo tu ya kuhamisha Kittyhawk yenye hitilafu kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine ikatengenezwe. Akapotea. Akatua mwenyewe jangwani, akatua vizuri tu, ndege ikabaki karibu nzima, na hapo ikakaa mpaka 2012 alipoikuta mfanyakazi wa mafuta kutoka Poland. Miaka 70. Picha zake zipo, zitafute, mi kila nikiziona napata baridi: parachuti limetandazwa kama mtu aliyejitengenezea kivuli, redio imetolewa nje kama mtu aliyekuwa anajaribu kuita. Akaondoka kwa miguu. Mji wa karibu ulikuwa zaidi ya kilomita 300.

Sasa, wewe na mimi tungefikiri kwanza ni kumtafuta huyo kijana. Kuna mifupa iliyokutwa umbali fulani kutoka pale, ikazua ubishi, familia ikawa inalalamika kwamba haionekani kutafutwa kwa nguvu ile inayotafutwa ndege. Maana ndege ilitafutwa kwa nguvu. Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza iliingia dili na kampuni binafsi: nyie mtuletee Kittyhawk, sisi tunawalipa kwa Spitfire kutoka kwenye stoo yetu, namba yake PK664. Kwamba makumbusho, ambayo kazi yake ni kutunza, inatoa ndege ya taifa iliyopo mkononi ili ipate ndege ambayo haipo mkononi. Mzee mmoja wa kwetu angewaambia hapo hapo kwamba ndege aliye mkononi... sawa, methali mnaijua, na safari hii inaingia bila hata kubadilisha neno. Spitfire ikatoka. Kittyhawk haikufika Uingereza. Ilipelekwa El Alamein, ikakaa kwenye kontena miaka, baadaye Wamisri wakaipaka rangi wakaiweka kwenye makumbusho yao ya vita, na wataalamu wakalia kwamba rangi siyo zake na wameiharibu. Labda kweli. Ila mi nikiona wanalia rangi wakati rubani hajapata hata kaburi, nashindwa kulia nao.

Na Wamisri nao, hebu tuwe wakweli, ndege imekaa kwenye ardhi yao miaka 70, vita vyenyewe havikuwa vyao, wakoloni wawili walikuja kupigania jangwani kwao wakaacha mabomu ya kutegwa ambayo mpaka leo yanakata watu miguu. Kwanini kitu pekee kizuri kilichoachwa ndo kirudishwe?

Lakini kesi ambayo mi huwa nairudia, ile ambayo nikishikwa na mtu kwenye daladala akaniuliza nitamsimulia mpaka tupitilize kituo, ni ya Papua New Guinea. Wanaiita Swamp Ghost, tuseme Mzimu wa Kinamasi.

Ni B-17, ile midege mikubwa ya injini nne, namba 41-2446. Februari 1942 ilitoka Townsville, Australia, kwenda kupiga meli za Wajapani Rabaul. Walipigwa na ndege za Mjapani, mafuta yakaanza kuwaishia, na mbele yao kuna milima ya Owen Stanley ambayo hawawezi kuivuka hivyo. Rubani, Fred Eaton, akaona chini kama shamba la ngano limenyooka vizuri kabisa, akasema twende. Halikuwa shamba. Lilikuwa kinamasi cha Agaimbo, nyasi ndefu zimesimama ndani ya maji. Ndege ikateleza ikakaa kama bata, haikuvunjika, na wote tisa wakatoka wazima. Walihangaika siku mbili kufyeka njia ya kutoka kwenye yale maji, wakakutana na wenyeji, na wenyeji ndo waliowalisha, wakawapandisha mitumbwi, wakawapitisha mkono kwa mkono wakiwa wanatetemeka na malaria. Siku 36 baada ya kuanguka ndo wakafika Port Moresby.

Kumbukeni hiyo sehemu ya wenyeji na mitumbwi, nitairudia.

Ndege ikabaki pale peke yake. Mwaka 1972 helikopta ya jeshi la Australia ikaiona, na mabati yalikuwa bado yanang'aa, bunduki bado ziko kwenye nafasi zake. Kuanzia hapo kila mtu wa ndege za zamani duniani aliijua. Ikawa inachokonolewa kidogo kidogo, huyu anakuja anachomoa saa ya kwenye dashibodi, yule anachukua bunduki, vitu vinaondoka na mabegi. Halafu anatokea Alfred Hagen, mjenzi kutoka Marekani, ambaye mwanzoni alienda Papua kwa sababu tofauti kabisa: alikuwa anatafuta ndege aliyopotelea babu yake mdogo, Meja Bill Benn, mwaka 1943. Na aliipata. Hapo mi ndo huwa nashindwa kumchukia vizuri. Mtu aliyeanza kwa kumtafuta mzee wake porini, ningekuwa na hela zake mi ningekuwa Bama sahivi hivi.

Hagen akalipa makumbusho ya taifa ya Papua dola laki moja, akapata kibali, na 2006 akaenda na mafundi wake kuifumua: mabawa, injini, mkia, kiwiliwili, vikabebwa na helikopta mpaka kwenye meli, vikapelekwa bandari ya Lae kusubiri kusafirishwa. Ndo mji mzima ukaamka. Wabunge wakauliza: makumbusho ina mamlaka gani ya kuuza? Dola laki moja iliyopatikanaje na imeenda wapi, wakati kitu chenyewe wanunuzi wanakitaja kwa mamilioni? Kamati ya bunge ya hesabu za serikali ikaingia mzigoni. Wenye ardhi nao wakadai chao, na kule Papua hilo siyo jambo dogo maana karibu ardhi yote ya nchi ni ya koo, siyo ya serikali, siyo ya mtu binafsi, ya ukoo. Kwa hiyo kiwiliwili cha ndege kikakaa bandarini karibu miaka minne, jua na chumvi vinapiga, wakubwa wanabishana.

Mwanzoni mwa 2010 kikaruhusiwa. Juni kikapokelewa Long Beach, California, kwa sherehe, na 2013 kikahamishiwa makumbusho ya anga ya Pearl Harbor, Hawaii, ambako kipo.

Nimebishana sana kuhusu hii. Kuna rafiki yangu mmoja, mhandisi, anasema kama Hagen asingeitoa ingeisha, vipande vingeenda na mabegi, nyasi zingechomwa, mwisho kinamasi kinabaki na kutu, kwa hiyo afadhali Hawaii ionekane. Ana pointi. Mi pia nilikuwa nasema hivyo. Halafu nikaanza kuwaza yale makabidhiano: serikali ilikuwepo, makumbusho ilikuwepo, mnunuzi alikuwepo, waandishi walikuwepo. Ukoo wa wale waliotoa mitumbwi 1942 ulikuwepo kwenye nafasi gani? Ya kudai fidia. Yani watu ambao bila wao hakuna hadithi, maana wale tisa wangefia kwenye maji na ndege ingekuwa kaburi ambalo hamna mtu angeruhusiwa kuligusa, hao ndo wanaandikwa kwenye habari kama kero, "wenyeji wanadai pesa". Angalia vizuri hapo: kilichoifanya ndege iwe na thamani kubwa vile ni historia yake, na nusu ya historia yake ni mitumbwi. Lakini mitumbwi haina kibati.

Sheria zenyewe ukizisoma ni vurugu. Uingereza toka 1986 ndege yoyote ya jeshi iliyoanguka inalindwa kisheria, huigusi bila leseni, hata kama iko shambani kwako. Marekani inategemea ni ndege ya nani: jeshi lao la anga limeshaachia za zamani kabisa, lakini Navy, jeshi lao la majini, hawajawahi kuachia hata msumari, iwe baharini iwe porini ni mali yao mpaka siku ya kiama. Kuna kampuni ilipata ndege aina ya Devastator chini ya bahari ya Miami, aina ambayo duniani hamna makumbusho hata moja yenye nzima, wakaenda mahakamani, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema Navy akikataa kuokolewa mali yake amekataa. Na kuna fundi wa ndege wa Minnesota aliyekusanya mabaki ya ndege aina ya Corsair kutoka kwenye kinamasi cha North Carolina ambako rubani alikufa Desemba 1944, akayabeba nyumbani akawa anayaunga taratibu, 2004 serikali ikamshtaki, mpaka Bunge la Marekani ikabidi lipitishe kifungu maalum cha kumpa. Bunge zima, kwa ajili ya bati la mtu mmoja.

Huku kwetu hatuna shida hiyo kwa sababu tulishaimaliza mapema. Vita ya kwanza, meli ya Mjerumani Königsberg ilijificha Rufiji, na Waingereza walileta ndege kuitafuta, ndo hizo ndege za vita za mwanzo mwanzo kuonekana pwani hii, zilikuwa zinatoka visiwani, Mafia na kule Nyororo, na joto letu lilikuwa linayeyusha gundi ya mabawa mpaka zinabanduka. Julai 1915 wakaimaliza meli kwa msaada wa ndege kuangalia makombora yanaanguka wapi. Na mabaki? Mwaka 1924 haki ya kuyachuna ilinunuliwa kwa pauni 200 na John Ingle. Ingle ni nani? Ndo aliyekuwa kapteni wa Pegasus, meli ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Jamaa alizamishiwa meli, akarudi miaka kumi baadaye kununua skrepa ya adui yake kwa pauni 200 na kupeleka wazamiaji wachomoe shaba. Sinema tosha. Ukienda Fort Jesus Mombasa utakuta mizinga ya meli zote mbili imewekwa jirani, watoto wa shule wanaikalia wanapiga picha. Hizo pauni 200 hakuna mtu wa Rufiji aliyeulizwa, na sidhani hata kama kuna mtu aliyefikiria kuuliza.

Sasa turudi kwenye kikao.

Baada ya kelele kupungua nikamuomba baba mdogo namba ya yule mtu, nikampigia mwenyewe, nikitegemea mchuuzi mwenye papara. Hapana, mstaarabu sana, Kiswahili safi. Akaniuliza maswali ya kitaalamu. Nyota ni ya Bama? Ndiyo. Utepe upo? Upo, umechakaa. Nyuma imeandikwa jina? Nikamwambia haina kitu. Akasema ndiyo, anajua, Waingereza nyota hizo waliwagawia watu wao bila kuandika majina, kwa hiyo nyota peke yake ni bati tu, yako nyingi, bei yake ni ya soda na nauli. Nikamuuliza sasa ile bei uliyomtajia mzee ni ya nini?

Akasema: "Ni ya nyota pamoja na kile kitabu chake cha kuachishwa jeshi. Kile chenye namba yake ya Keya."

Nilikaa kimya muda mrefu mpaka akauliza kama nipo.

Kitabu kipo. Kipo kwenye sanduku la bati la bibi, na sanduku liko kwa shangazi, na shangazi amelala na ufunguo shingoni toka 1998. Nyota iko kwa baba mdogo, imefungwa kwenye leso ndani ya kabati la vyombo. Baba mdogo anasema yeye ndo mtoto wa kiume aliyebaki. Shangazi anasema wakati babu anaumwa baba mdogo alikuwa Mwanza anauza samaki na hakuleta hata sabuni. Binamu mmoja kapendekeza tuuze tujengee makaburi yote kwa marumaru, mwingine kasema marumaru ya nini wakati babu mwenyewe alikuwa anataka udongo tu. Mimi nikaulizwa maoni yangu kwa kuwa eti ndo msomi wa mambo haya, nikaanza kueleza habari za Papua, na shangazi akanikatiza.

"Wewe niambie tu, huyo mtu namba ya baba yangu anaitakia nini?"

Kikao kijacho ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Ufunguo bado uko shingoni.